Kila Kinacholia, Kitie Mafuta

Mtu anayemgongea fundi dirisha Jumapili saa kumi na mbili asubuhi anastahili kila neno atakaloambiwa, na Mama Spoki aliamka akiwa na maneno ya kutosha. Lakini alipofungua mlango alimkuta mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mpole ambaye hata ukimkanyaga wewe, anaomba radhi yeye. Amesimama kibarazani na kofia yake ngumu kichwani, mkanda umekazwa hadi kidevu kimejikunja, na baiskeli yake ya kijani ubavuni. Maneno yote yakarudi tumboni.

"Samahani sana, Mama Spoki. Gurudumu la nyuma limepungua upepo, na klabu inaondoka saa moja kamili."

"Na ile pampu niliyokuchagulia mwenyewe iko wapi?"

"Ipo nyumbani. Nimeitunza vizuri kabisa."

Mama Spoki akacheka bila kupenda, akafungua karakana. Kilikuwa chumba kimoja tu kilichoungana na nyumba yake, rimu zimetundikwa ukutani, spana zimepangwa kwa ukubwa, na sakafu imekunywa mafuta ya miaka ishirini na minane. Mjini pale hapakuwa na baiskeli ambayo hajawahi kuipindua matumbo. Akaijaza ya mwalimu upepo, akabonyeza tairi kwa dole gumba, likakataa kubonyea, akaridhika. Halafu, kwa mazoea tu, akalizungusha gurudumu hewani na kubana breki.

Gurudumu likaendelea kuzunguka.

Akabana tena, kwa nguvu. Likapunguza mwendo kidogo, likaendelea kuzunguka kama halijasikia. Akapitisha kidole kwenye rimu, akakinusa.

"Mwalimu, nani amekutilia mafuta hapa?"

Mwalimu akatabasamu kama mwanafunzi aliyemaliza kazi ya nyumbani. "Nimetia mwenyewe. Breki zilikuwa zinapiga kelele hadi mbwa wa jirani anaitikia. Tangu jana, kimya kabisa!"

"Nakuuliza, nani alikwambia utie mafuta kwenye breki?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Mama Spoki." Mwalimu akanyoosha kidole nyuma yake, ukutani, kati ya rafu ya tairi na kalenda. "Si umeandika pale? Namba nne."

Pale ukutani palikuwa na kipeperushi cha rangi ya bluu. Mama Spoki alikibandika mwenyewe siku ya Alhamisi, kwa solusheni ile ile ya kubandikia viraka, pembe nne na katikati, ili kisije kikapeperuka. Kwa siku tatu kila aliyeingia kuzibiwa pancha alionyeshwa: "Umeona? Jina langu hilo." Na kweli lilikuwa jina lake, chini kabisa, kwa herufi nene: Kwa ushauri wa Mama Spoki, fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na minane. Yale mengine ya juu yalikuwa kwa herufi ndogo, na miwani yake hukaa kwenye droo ya boliti. Alisema atayasoma akipata nafasi. Na hata hivyo, ya nini mtu kusoma maneno yake mwenyewe? Si anajua alichosema?

Akaivuta droo, akavaa miwani, akasogea ukutani.

Namba nne ilisema: Kila kinacholia, kitie mafuta.

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Kwa sababu alikumbuka vizuri kabisa siku ile Mwenyekiti wa klabu alipokuja kukaa kwenye kibao hiki hiki na simu yake mkononi. Mwenyekiti alikuwa mkubwa wa mauzo kwenye duka la vigae, mwenye sauti ya kuuzia vigae hata kwa mtu asiye na nyumba. Baiskeli alianza kuendesha mwaka jana. Alitaka dondoo za kila siku kwa wanachama wake, watu wa ofisini wanaoendesha Jumapili kwa kujifurahisha, na Mama Spoki alimpa nusu saa nzima, mikono ikiwa imejaa grisi, wateja wakisubiri nje.

Alimwambia: kabla hujatoka, bonyeza tairi kwa dole gumba, yote mawili, kila safari. Alimwambia: kaa juu ya tandiko, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu ukinyooka vizuri, urefu ni sawa, ukikunjika, pandisha tandiko, magoti yako yatakushukuru. Inua gurudumu la mbele kidogo ulidondoshe. Kikigongana kitu, kuna kilicholegea, kitafute. Beba tyubu ya akiba, na ujifunze kuibadilisha nyumbani, si porini mvua ikinyesha. Kunywa maji kabla kiu haijakushika. Cheni ikilia, matone machache, zungusha pedali kinyumenyume, halafu futa kwa kitambaa mpaka uone umefuta kupita kiasi, maana mafuta yaliyobaki nje ni mtego wa vumbi. Pedali ikilia, tone moja kwenye ekseli.

Na breki? Kwenye breki alisimama wima. "Andika hili vizuri," alimwambia. "Breki ikilia, usitie mafuta. Breki kazi yake ni kusugua. Ukiilainisha, umeiua. Osha rimu kwa maji na sabuni, kausha, pitisha msasa kwenye raba za breki, na raba zikiisha, badilisha." Mwenyekiti alitikisa kichwa huku vidole vikikimbia juu ya simu. "Safi sana, safi sana. Mama Spoki, wewe ni hazina." Ndivyo alivyompaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akavimba kichwa kama tairi jipya.

Na nusu saa ile yote imekuwa nini? Mistari kumi, maneno matatu matatu, manne manne. Cheni, pedali na breki zote zimetiwa kwenye chungu kimoja. Kila kinacholia! Mtoto mchanga naye analia, naye atiwe mafuta?

"Mwalimu, wanachama wote wanacho hiki?"

"Wote. Mwenyekiti alituambia tukifuate kabla ya safari ya leo, ili tusiaibike kwa kelele tukipita mjini."

"Na leo mnapita wapi?"

"Mteremko wa kiwanda cha matofali," mwalimu akasema, na papo hapo akaitazama tena rimu yake, maana hesabu ilikuwa imeanza kumwingia.

Kila mtu aliujua mteremko ule. Kilometa moja na nusu za lami, unaanza taratibu kama mzaha, katikati unakuvuta, na mwishoni unakumwaga kwenye njia panda ambapo malori ya matofali hutoka getini, Jumapili na sikukuu. Lakini kilichomkausha Mama Spoki mate si mteremko wenyewe. Mtoto wa kaka yake alikuwa kwenye klabu ile. Binti alikuja kwake ana miaka sita, baada ya baba yake kufariki, akakulia katikati ya rimu hizi mpaka akawa karani wa posta. Leo ilikuwa mara yake ya kwanza kuteremka pale, na Alhamisi alikuwa amepiga simu kusema ana hofu kidogo. Shangazi alimjibu nini? "Fuata ya kwenye kipeperushi, mwanangu. Mimi nipo humo."

Akampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, vile vile. Akampigia Mwenyekiti, na huyu akapokea mara moja, nyuma yake kelele za watu na kengele za baiskeli.

"Mama Spoki! Mshauri wetu mkuu! Habari za asubuhi?"

"Zuia watu wasiondoke. Namba nne ni ya uongo. Mmetia mafuta kwenye breki."

"Aaa, hapana, hiyo niliifupisha tu kidogo. Watu hawasomi maelezo marefu, unajua."

"Hukufupisha, umegeuza! Nilikwambia usitie!"

"Nimekusikia, dada yangu, na ni hoja nzuri. Tutaiweka kwenye ajenda ya kikao cha mwisho wa mwezi."

"Ajenda? Watu wanakwenda kuingia chini ya malori, wewe unaniletea ajenda?"

"Sasa tusitie watu hofu asubuhi yote hii," akasema Mwenyekiti kwa ile sauti ya vigae, na simu ikakatika.

Mama Spoki aliitazama simu kana kwamba ndiyo iliyomtukana. Akachukua kitambaa, chupa ya spiriti na vipande vya msasa, akavitia kwenye mfuko, akaishusha baiskeli yake kutoka kwenye ndoano.

"Na mimi je?" mwalimu akauliza.

"Wewe kaa hapo. Usiiguse hiyo baiskeli mpaka nirudi."

Mwalimu akakaa juu ya rundo la tairi, kofia kichwani, mikono magotini.

Mama Spoki alikanyaga pedali kwa gauni la nyumbani na kandambili, mama wa miaka hamsini na mitatu, na aliyemwona asubuhi ile bila shaka alidhani kuna mtu kaibiwa. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake. Dada yangu! Tangu lini? Hazina! Mtu anakaa kwenye kibao chako, anakunyonya akili kwa nusu saa, halafu anaitafuna, anaitema, na mate yake anayabandika jina lako. Na wewe unashangilia.

Klabu ilikuwa imekusanyika kwenye maegesho ya uwanja wa michezo, watu ishirini na tano kwa fulana za njano, pua zote zinaangalia barabara. Mwenyekiti alikuwa mbele na kipaza sauti cha mkononi. Safu ya pili Mama Spoki akaiona baiskeli nyekundu aliyoiunda kwa mikono yake, na juu yake mtoto wa kaka yake, mguu mmoja chini, akijifanya hana hofu. Angechelewa dakika mbili tu, angewakosa.

Akapita kati ya fulana zile akaenda kusimama mbele ya gurudumu la Mwenyekiti.

"Hakuna anayetoka hapa," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Kila aliyetia mafuta kwenye breki ashuke. Ukifika katikati ya mteremko ukabana, hakuna kitakachokushika. Shukeni."

Watu wakatazamana. Mwenyekiti akainua kipaza sauti, akicheka kwa upole, ule upole wa kumwonea mtu huruma mbele za watu.

"Jamani, mnamwona fundi wetu. Biashara imekuwa ngumu, leo ameamka kutafuta wateja mpaka uwanjani!"

Wakacheka. Si wote, lakini wengi wa kutosha. Kicheko kile kilimkata maini Mama Spoki. Nusu ya watu wale aliwahi kuwazibia pancha huku wakisema "nitapita kesho", na kesho yenyewe hawakuiona njia. Leo yeye ndiye mwenye njaa!

"Cheka," akamwambia Mwenyekiti. "Lakini hayo maneno ya namba nne si yangu."

"Si yako?" Mwenyekiti akawageukia watu wake. "Mimi Ijumaa nilipita karakanani kwake. Ameyabandika ukutani, tena katikati. Kama si yake, mbona ameyabandika?"

Sasa wote walimtazama yeye, na binti naye alimtazama. Mama Spoki angeweza kudanganya; angesema amekibandika mtu mwingine, angesema chochote. Lakini mteremko ulikuwa unasubiri, na uongo ungemchukua muda mrefu kuliko ukweli.

"Niliyabandika kwa sababu niliona jina langu," akasema. "Sikuyasoma. Nilisoma jina tu, basi. Haya, chekeni tena."

Hakuna aliyecheka.

Pembeni mwa maegesho palikuwa na njia ya zege ya kushushia mikokoteni, imeinama sana, inaishia kwenye majani ya uwanja. Mama Spoki akaionyesha kwa kidevu.

"Mwenyekiti, njoo na baiskeli yako pale juu. Panda, bana breki zote mbili kwa nguvu zako zote, inua miguu. Mimi nitashika tandiko, halafu nitaachia. Ukibaki pale pale, nitaomba radhi kwa hicho kipaza sauti chako, na nitakwenda nyumbani kwa miguu."

Mwenyekiti angekataa kama wangekuwa wawili. Lakini walikuwepo wanachama ishirini na tano, na mtu wa mauzo haogopi kitu kama watu kuondoka bila kununua. Akaisukuma baiskeli yake, ile ghali kuliko zote, mpaka juu ya njia ya zege. Akapanda. Akabana mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe.

"Umebana?"

"Nimebana."

"Kweli umebana?"

"Nimebana, mama, achia!"

Akaachia.

Baiskeli haikukimbia. Ilitulia kwa pumzi moja, Mwenyekiti akaanza kutabasamu, halafu ikaanza kwenda. Ikaenda pole pole, kimya kabisa, bila mlio hata mmoja, na yeye juu yake amebana kila kinachobanika, macho yakimtoka. Katikati ikashika mwendo. Akapiga kelele "Breki! Breki!" kana kwamba kuna mtu mwingine mwenye breki zake. Akaingia kwenye majani, akapinduka taratibu, akakaa chini na kipaza sauti mapajani. Hakuumia popote panapoonekana.

Hakuna aliyemkimbilia. Wote walikuwa wameinama kwenye baiskeli zao wenyewe, wanabana breki na kusukuma, na magurudumu yanazunguka. Walipomaliza kuhesabiana, baiskeli kumi na tisa hazikuwa na breki.

Mama Spoki alikwenda moja kwa moja kwenye ile nyekundu. Akabana breki ya mbele, akasukuma. Ikaenda. Akapitisha kidole kwenye rimu, kikatoka na mafuta, na hilo hakulitegemea. Wengine sawa, watu wa ofisini. Lakini huyu?

"Hata wewe?"

"Zilikuwa zinalia, Shangazi."

"Ulipokuwa na miaka tisa, pale kwenye kibao, na msasa mkononi, nilikufundisha nini?"

"Breki haitiwi mafuta." Binti alisema bila kusita, kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa.

"Basi ilikuwaje?"

Binti alitazama chini. "Jana nilisimama na chupa ya mafuta mkononi karibu dakika kumi. Nilijua si hivyo. Mikono yangu yenyewe ilikuwa inakataa. Halafu nikaona jina lako pale chini, na wewe ulishaniambia nifuate. Nikasema, mimi ni nani hata nimbishie Shangazi?"

Asubuhi nzima hasira za Mama Spoki zilikuwa na anwani moja tu, mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Sasa zilimrudia mwenyewe, na hazikupata pa kwenda. Akachuchumaa, akatoa kitambaa na spiriti, akaanza kufuta rimu ile nyekundu. Akafuta sehemu moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Safari ya mteremko haikuwepo siku ile. Watu walisukuma baiskeli zao kwa miguu mpaka karakana, msururu mrefu wa fulana za njano, na Mama Spoki na binti wakazipokea moja moja. Ndani walimkuta mwalimu bado amekaa juu ya rundo la tairi, kofia kichwani.

"Sijaigusa," akasema.

Saa sita walikuwa wamebakiza tatu. Simu ya Mama Spoki ikalia, ujumbe umeingia. Alikuwa Mwenyekiti. Hakuomba radhi, alituma kipeperushi kipya, toleo la pili, na chini yake maneno: "Mshauri wetu, tumerekebisha. Na jina lako safari hii tumelikuza zaidi."

Mama Spoki akafuta mikono, akavaa miwani, akaketi kwenye kibao. Alisoma mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, akarudia, kidole kikifuata kila neno. Namba nne sasa ilisema: Breki, muone Mama Spoki. Akaandika jibu pole pole: "Weka nilichosema chote. Kama hakienei, usiweke. Na jina langu litoe." Akatuma.

Binti alikuwa amesimama mbele ya ukuta, akijaribu kukibandua kile cha bluu kwa ukucha. Kilikataa. Kipande kidogo kilichanika pembeni, basi.

"Umekibandika na nini, Shangazi?"

"Solusheni."

"Solusheni ya viraka? Hiki hakitoki leo!"

"Kitatoka." Mama Spoki akampa kipande cha msasa, naye akachukua cha kwake. Binti akanyoosha mkono juu, kwenye namba nne, akaanza kusugua.

"Hapana," Shangazi akasema. "Hiyo wala hukuiamini. Anzia huku chini, kwenye jina."